Shangazi Alivyohamia Kwenye Tuba

Shangazi yangu anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Akikwambia siri, ujue na mlinzi wa getini ameipata. Sasa mtu wa namna hiyo, ukimwambia achague ala ya muziki, atachagua nini kama si tarumbeta?

Kundi letu hukutana Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa shule. Watu wakisikia tuna bendi huuliza magitaa yako wapi. Hayapo, na fidla hazipo. Letu ni kundi la ala za kupuliza. Mbele wanakaa wenye filimbi na obo, kile kibomba chembamba chenye sauti ya puani, pamoja na klarineti, na hapo ndipo nilipo mimi. Kando yetu kuna saksafoni, na basuni, lile bomba refu la mbao lenye sauti ya mzee aliyeamshwa usingizini. Nyuma yetu ni watu wa shaba: pembe zilizojiviringa, tarumbeta, tromboni na tuba, lile dude kubwa la kupakatwa lenye sauti nzito ya chini. Nyuma kabisa wapo wapiga ngoma na matuazi, ambao hawapulizi chochote, ila wasipokuja hatuendi popote. Saksafoni ni shaba tupu, lakini inahesabiwa na sisi wa mbao kwa sababu inalia kwa kipande cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni, kama klarineti. Shangazi hajawahi kulikubali hilo.

"Shaba ni shaba," husema. "Msijitafutie ukubwa."

Jambo jingine ni kwamba kwetu karibu kila mtu ana sehemu yake peke yake. Hakuna wa kukufichia makosa, na usipokuja pengo lako linasikika. Shangazi alikuwa tarumbeta ya kwanza. Kila mahali muziki ulipotaka mtu wa kutamba, alitamba yeye, na mimi niliyekaa mbele yake niliipokea sauti yote kwa kisogo changu.

Onyesho likiwa limekaribia, akateleza kazini kwenye sakafu yenye sabuni, akaangukia ukingo wa mashine. Meno mawili ya mbele yakaenda na maji. Daktari akamtengenezea ya bandia, mazuri kuliko yale ya zamani, na Shangazi akarudi mazoezini anatabasamu hovyo. Akainua tarumbeta. Akapuliza. Meno yakahama, ikatoka pumzi tupu. Akayatoa, akayafunga kwenye leso, akajaribu bila meno. Hiyo sauti nisiieleze.

Kiongozi wetu ni mwalimu wa hesabu, mtu asiyezunguka mbuyu. "Mama," alimwambia, "tarumbeta inakandamiza midomo kwenye meno. Haitakwenda. Yule kinyozi wa tarumbeta ya pili atapiga ya kwanza. Wewe tafuta ala utakayoimudu kabla ya onyesho. Ukikosa, safari hii utakaa na watazamaji."

"Mimi? Nikae chini niwapigie makofi?"



Basi akaanza kuzunguka ukumbi akiazima. Klarineti yangu aliing'ata kwa meno ya juu, kama inavyotakiwa, na meno yakacheza. Saksafoni, hivyo hivyo. Filimbi haigusi meno, unapuliza tu hewa ipite juu ya tundu, lakini Shangazi alipuliza kwa nguvu za tarumbeta na kilichosikika ni upepo. Obo ilimvimbisha mishipa ya shingo mpaka dada mwenye obo akamnyang'anya. Tromboni ilimpa moyo kidogo, kisha jino likahama tena.

Ikabaki tuba. Mpigaji wake alikuwa amehamishiwa kazi mbali, na ala ilikuwa imeegeshwa pembeni, imefunikwa shuka. Sehemu yake ya kupulizia ni pana kama kikombe, kwa hiyo midomo inatetemeka ndani yake na ukingo unakaa mbali na meno ya mbele. Shangazi akaipakata, akapuliza. Madirisha yakaitikia.

Alifurahi kwa muda mfupi tu, maana kiongozi alimsimamisha kila baada ya noti chache. "Polepole, Mama. Wewe sasa ni sakafu. Sisi wote tunasimama juu yako."

"Sakafu ndiyo iliyoning'oa meno," akasema, "na leo niwe sakafu mimi!"

Lakini alikuja kila zoezi, akajifunza kusubiri.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Tulifika mahali ambapo tarumbeta inabaki karibu peke yake, pale pale alipokuwa akitamba yeye, na chini yake tuba tu imeshikilia noti ndefu. Kinyozi, mtu asiyetetemeka na wembe shingoni mwa watu, alikuwa anatetemeka. Pumzi ilimwishia katikati, akachelewa. Nikakaza shingo nikingoja Shangazi amfunike kwa sauti yake, na nilimwonea huruma kinyozi wa watu. Shangazi akachelewa naye. Akamshikia ile noti, laini, mpaka kinyozi akavuta pumzi akamaliza vizuri. Kiongozi akamsimamisha kinyozi, watu wakampigia makofi. Hakuna aliyetazama nyuma ya tuba.

Tulipokuwa tunafungasha, nilimkuta bado amekaa, ameikumbatia tuba, macho yamejaa maji.

"Shangazi, ni meno?"

"Meno hayana neno." Akamtazama kinyozi, akawatazama wenye pembe na yule dada wa obo. "Hebu niambie, mwanangu. Siku zote walikuwa wanapiga vizuri hivi?"

"Siku zote, Shangazi. Hukuwasikia?"

"Ningewasikiaje," akasema, "na mimi nilikuwa napiga?"