Wiki Moja Ufukweni

Soko huria limetuletea mitumba na video, na sasa linatuuzia wiki. Juzi hapa Mwanza niliingia ofisi inayouza nyumba ya mapumziko kando ya ziwa. Unanunua wiki moja ya kukaa humo kila mwaka, na ukifa unawaachia watoto.

Mbele yangu walikaa mwalimu mstaafu na mkewe. Mzee alishatoa kalamu. Watoto wao wakubwa wametawanyika, naye alitaka wawe na mahali pa kukutana.

Mama akamuuliza muuzaji taratibu, "Kijana, mzee akifia humo siku ya Ijumaa, je?"

"Mungu atuepushie, mama. Lakini Jumamosi saa nne mnarudisha funguo."

"Na msiba tuuweke wapi? Ndugu wa Bujora wakija, walale wapi?"

Muuzaji akaanza kupekua mkataba.

Mzee akafunika kalamu, akacheka mpaka akafuta machozi. "Twende zetu Kiseke, mama. Watoto watakutana pale pale nyumbani."

Mama akashusha pumzi, akajifunga khanga upya. Nami nikashusha yangu, maana aliyekuwa anafuata kusaini ni mimi.