Viza ya Shemeji Mjerumani

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Siku alipopewa pasipoti ya Ujerumani akazaliwa tena, na tangu hapo kuzaliwa kwa kwanza akawa hakutaji. Pasipoti yenyewe ilikuwa ya rangi ile tuitayo damu ya mzee. Aliitoa mfukoni harusini, aliitoa matangani, na mara moja aliiweka mezani karibu na bakuli la mchuzi ili sote tuione vizuri. Mimi niliiona, na nikaomba mchuzi umwagike.

Mwaka aliofariki mama mkwe, tulikutana uwanja wa ndege wa Mombasa, sisi tukitoka Sydney, yeye akitoka Frankfurt. Mimi na mume wangu tulikuwa na pasipoti zetu za buluu za Kenya, tukapita. Yeye Wajerumani walikuwa wamemtaka airudishe ya Kenya kabla hawajampa ya kwao, kwa hiyo akapangwa foleni na watalii wa kaptula na kofia za mkeka, akijaza karatasi inayomuuliza amekuja Kenya kufanya nini. Alikuwa amekuja kumzika mama yake. Nilicheka mpaka mume wangu akanifinya.

"Mwache," aliniambia. "Mdogo wangu ana njaa ya heshima tu, hana ubaya."

Mume wangu alikuwa mtu mwema kupita kiasi, na mara nyingine wema wake ulinichosha.

Sydney tulikaa mtaa wa Guildford, na kazi yangu ilikuwa Liverpool, mtaa mwingine wa huko huko Sydney, katika ofisi ndogo ya kukata tiketi, baina ya duka la dhahabu na kinyozi. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa kwenda kuona wazee Beirut na Baghdad, watu wanaojua viza ni nini, wanaokuja na bahasha zao zimejaa vyeti na mihuri. Lakini walikuja pia vijana wa Kijerumani waliokuwa wakibeba maboksi kwenye maghala ya Ingleburn, wamechoka na maboksi, wanataka siku kumi za ufukweni nchi nyingine. Hao hawakuwa na bahasha. Wengine hata pasipoti waliiacha kwenye gari. Nikiwauliza habari ya viza walinikodolea macho.

"But I'm German," walisema, kana kwamba hilo ndilo jibu la kila swali duniani.

Orodha yao ya nchi nilikuwa nayo kichwani. Fiji, pita. Bali, pita, lakini pasipoti iwe imebakisha miezi sita. Vietnam, siku kumi na tano na usizidishe hata moja. China, hapana, nenda ukaombe kama wanadamu wenzako. Na Australia yenyewe, Mjerumani anayekuja kutembea haendi ubalozini wala halipi kitu, ila ni lazima ajaze fomu mtandaoni na apate idhini kabla ya kupanda ndege. Asiye nayo haruhusiwi kupanda. Hilo nililijua kama ninavyoijua sura ya Al-Hamdu.

Mume wangu akafariki. Miaka miwili baadaye binti yetu, mtoto wetu wa pekee, akaposwa na kijana wa Kitanga, fundi umeme, watu wake wakikaa Perth. Posa ikakubaliwa, siku ikawekwa, na hapo ndipo likaja suala la walii, mwanamume wa upande wa baba anayemwozesha bibi harusi. Binti yangu hana kaka, na babu yake upande wa baba alitangulia zamani. Aliyebaki ni ami yake, yule Mjerumani.

Shehe wetu, mtu mwepesi wa kupunguza mizigo ya watu, alisema si lazima asafiri, anaweza kumwakilisha mtu kwa simu, yaani kumweka wakili wa kuozesha kwa niaba yake, na ndoa ikasihi. Nilifurahi sana. Lakini shemeji alikataa katakata. Alisema mtoto wa kaka yake haozeshwi kwa simu, atakuja mwenyewe, atamshika bwana harusi mkono mwenyewe. Nikajua anatafuta mahali pengine pa kuionyeshea pasipoti.

Binti yangu ndiye aliyenikomesha. Yeye Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza.

"Mama, I want Ami there," alisema. "He sounds just like Dad."

Nilijua. Sauti ilikuwa ile ile, hata ule mkwaruzo mdogo kabla ya kucheka. Labda nikubali hapa kwamba chuki yangu nyingi ilitoka hapo. Mume wangu alikuwa kaburini, na sauti yake ilikuwa Dortmund, anakokaa mdogo wake, ikijisifu.

Nilimpigia shemeji nikamwambia nitamkatia tiketi mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

"Usijisumbue, shemeji," alisema. "Nimeshakata mwenyewe mtandaoni. Kwani ofisi zenu hizo bado zipo?"

"Zipo. Na viza, je?"

Akacheka. "Viza! Shemeji, viza ni mambo yenu nyinyi wa pasipoti za buluu. Mimi ni Mjerumani."

Nilifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, yale yale niliyowaambia vijana wa Ingleburn kila wiki, na hayakuwa marefu. Nikayameza.

"Haya, Mjerumani," nikasema. "Karibu."

Zilibaki wiki sita. Kila Ijumaa alipiga simu kuuliza maandalizi, na kila Ijumaa nilimjibu habari za wali, za ukumbi, za kanzu ya bwana harusi. Nilijiambia mtu mzima haambiwi jambo mara mbili, ingawa hata hiyo mara moja sikuwa nimemwambia. Debe tupu haliachi kuvuma, nikasema, basi na livume mpaka kaunta. Wallahi sikutaka asifike. Nilitaka aaibike kidogo tu, dakika ishirini hivi mbele ya watu, aulizwe viza na msichana wa ndege aliye sawa na umri wa mwanawe, aijaze fomu kwa simu huku foleni nyuma yake ikiguna, kisha apande aje zake akiwa amenyooka. Mara nyingi idhini hujibiwa papo hapo. Nilishaona mara nyingi, nikapiga hesabu zangu hivyo.

Alhamisi baada ya magharibi nilikuwa nachambua mchele. Binti yangu alikuwa kwenye kochi, mikono yote miwili imepakwa hina, haigusi kitu. Simu ikalia.

"Shemeji," alisema, na sauti ilikuwa ndogo, "hapa wananiambia siwezi kupanda. Wanasema sina viza ya Australia."

Nilikuwa nimeisubiri sentensi ile wiki sita. Ilipofika sikuhisi utamu wowote, kwa sababu niliisikia ikisemwa na mume wangu.

Niliacha mchele, nikafungua kompyuta, nikamwambia anisomee namba za pasipoti. Jina, jina la zamani, mahali alipozaliwa, uraia aliokuwa nao kabla. Nilimaliza kwa dakika chache. Nikabonyeza, tukangoja, yeye Frankfurt kando ya kaunta, mimi Guildford na unga wa mchele vidoleni. Jibu halikuja. Vijana wangu wa Ingleburn, Wajerumani wa kuzaliwa, walijibiwa kabla hawajafunga ukurasa. Huyu wa Mji wa Kale aliambiwa ombi lake linashughulikiwa. Sijui kwa nini, na sitamsingizia mtu. Nilimsikia akimwambia yule msichana kwa Kijerumani neno moja ambalo hata mimi nililifahamu, kwamba tafadhali. Alilirudia mara tatu. Kisha ndege ikafungwa.

Idhini ilitoka kesho yake jioni. Ndege aliyopata ilikuwa ya kufika Sydney Jumapili mchana, na watu wa Perth walikuwa na tiketi za kurudi Jumapili asubuhi, maana Jumatatu kila mtu ana kazi yake. Nikah ikabaki Jumamosi baada ya alasiri, sebuleni kwetu, na simu ikawekwa juu ya mto mbele ya shehe. Wanaume walijaa sebuleni, sisi wanawake tulikaa chumba cha pili mlango wazi. Binti yangu alikuwa ubavuni mwangu.

"Nimekuwakilisha, shehe," ilisema simu, "umwozeshe binti wa kaka yangu kwa niaba yangu." Baba mmoja wa Kimombasa, aliyesali na mume wangu safu moja kwa miaka, alifuta macho kwa ncha ya kilemba. Shehe akamshika bwana harusi mkono, mkono ambao ungeshikwa na mtu mwingine, akamwozesha.

Watu walipokuwa wakipongezana, yule baba wa Kimombasa aliinamia simu. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa mtu wa kuuliza tu.

"Lakini ilikuwaje, bwana? Shemeji yako kazi yake si ndiyo hii hii ya safari? Hakukwambia?"

Binti yangu aligeuka akaniangalia. Na yeye, naona, hakuwa amelifikiria mpaka dakika ile.

"Aliniambia," ilisema sauti ya mume wangu kutoka kwenye mto. "Aliniuliza viza mapema kabisa, mimi nikamcheka. Kosa ni langu, msimlaumu mama wa watu."

Wanawake waliokaa karibu nami wakaanza kunipa pole, wakitikisa vichwa juu ya wanaume na ukaidi wao. Mimi, ambaye kwa miaka kumi na mbili, tangu apewe ile pasipoti, sikumwacha shemeji aseme neno nisimjibu, sikujibu. Binti yangu alinishika mkono kwa vidole vyake vya hina, akanifinya taratibu kunifariji, nami nikamwacha anifariji.