Chai ya Uzi

Mama yangu alipandishwa boti ya Nyamisati na begi moja mkononi, na aliyemfikisha pale ni mimi na buli langu. Naanza na hilo ili nisipate pa kujificha nyuma ya kaka.

Kaka anaishi Dar es Salaam. Mama alipoanza kuona ukungu, kaka alisema neno moja akaliacha hapohapo: siku mama akishindwa kujihudumia, atamchukua. Mama hakutaka kutoka Baleni, kijijini kwetu hapa kisiwani. Kazaliwa hapo, na baba kazikwa hapo, hatua chache kutoka mlangoni.

"Dar nitakalishwa kitandani nipakuliwe," aliniambia. "Usimwambie macho yalivyo."

Nikamwahidi.

Hakuna aliyegundua ukungu ulivyokuwa mzito, kwa sababu mikono yake ilijua kazi. Alisuka ukili huku akipiga soga, na chai ya alasiri alitia mwenyewe. Siri yake ilikuwa vile vipakiti vya majani vyenye uzi. Aliupapasa uzi kwa kidole gumba, akauzungushia kwenye mkono wa kikombe, akamimina maji huku kichwa kimeinama upande. Nilidhani anawaza, kumbe anasikiliza. Maji yakipanda kikombeni, sauti nayo hupanda, na yeye aliacha palepale panapotakiwa. Uzi mmoja, kikombe kimoja. Hakumwaga hata tone.

Mimi ni mtu wa kurudia kitu mpaka kichwa kianze kuuma. Nikianika kanga, ncha lazima zikutane na ncha. Zikipishana, chakula hakipiti. Kutia chai sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye simu, na humo nikaambiwa kwamba ndani ya vipakiti mna vumbi, yale mabaki yanayopita kwenye chekecheke. Tangu siku hiyo kila funda likawa vumbi mdomoni mwangu. Nikaenda Kilindoni, nikazunguka maduka mpaka nikapata majani mazima yaliyojikunja, na buli, na chujio dogo. Maji ya kisima nikayaacha kwa sababu yana chumvi kwa mbali, nikawa nakinga ya mvua. Dakika nne. Ikifika ya tano nilimwaga nikaanza upya.

Vipakiti nikampa jirani. Vikabaki viwili, nikavitupa kwenye mtoto wa meza.

"Na mimi?" mama akauliza.

"Utazoea, mama. Hii ndiyo chai."

"Ile niliyokulelea ilikuwa nini?"

"Vumbi."

Wakati namjibu hivyo nilikuwa nimekwisha kuujua uzi na kazi yake. Hapa naomba nisomwe polepole. Nilijua, na bado nilitaka chai yangu.

Majani makavu hayana uzi. Alichota kwa vidole, leo mengi, kesho machache. Chujio alilikosa, majani yakaelea kikombeni, na mimi nikakimwaga mbele yake, nikatia kingine. Siku moja jirani alikuwepo.

"Majani haya yangetosha kulisha mbuzi," nikasema.

Jirani akacheka. Mama naye akacheka.

"Huyu mwanangu hata mate yake angeyachuja kabla ya kumeza," akasema.

Tukacheka sote watatu. Baada ya hapo hakuligusa buli kwa wiki nzima.

Kisha kaka akapiga simu kwamba anakuja. Siku hiyo mama alioga mapema, akajitanda kanga mpya, akasimama katikati ya chumba.

"Leo namtilia mwanangu chai mimi. Nitafutie vya uzi."

"Havipo."

"Hata kwa jirani?"

"Vimekwisha, mama."

Viwili vilikuwa hatua tatu kutoka aliposimama. Lakini kaka amekunywa chai za mjini, nami nilitaka aisifu yangu. Sina sababu nyingine, nimeitafuta sana.

Kaka aliingia, akasema shikamoo, mama akaitikia marahaba na kumwelekezea uso barabara, kwa kufuata sauti. Majani nilitia mimi. Mama akaomba amimine. Nikamwekea chujio juu ya kikombe, akakijaza kwa sikio, vizuri kabisa. Kaka hakuitazama mikono yake, aliyatazama macho. Akanywa mafunda mawili.

"Niongeze, mama."

Kaka akakiweka kikombe kwenye sinia kwa kishindo ili kisikike, akarudishia chujio juu yake, halafu akakiinua kimyakimya, chujio na vyote, akakisogeza kando. Akanigeukia na kidole mdomoni.

Ulikuwepo muda wa kusema neno moja. Mama alikuwa bado anautafuta mkono wa buli. Mimi nilikuwa naitazama saa ya simu: dakika ya saba, majani bado yamo, chai inakuwa chungu, kaka atadhani ndivyo ninavyotia. Wallahi hilo ndilo nililowaza.

Chai ikatua kwenye sinia na sauti yake ikatoka pana. Mama akasimamisha buli mara moja.

"Umekiondoa," alisema.

"Nisamehe, mama. Nilitaka kujua."

"Ungeuliza." Akapapasa ile chai, akafuta vidole kwenye kanga mpya. "Na huyu alikuwa anaona?"

Kaka akanitazama. Nami nikaitazama tena simu.

"Ana macho mazuri huyu," mama akasema. "Jani moja kikombeni haliachi likapita."

Kaka akamaliza kikombe chake. Hakusema lolote kuhusu chai.

Waliondoka siku ya tatu. Nilipokuwa namfungia begi, mama alisema bila kugeuka, "Kwenye mtoto wa meza mna vipakiti viwili. Nimevishika jana nikitafuta kitana."

"Mama..."

"Nimeviacha. Huko nitapewa chai iliyokwisha kutiwa."

Sasa nikipiga simu anapokea mke wa kaka. Husema mama hajambo, amekaa kitandani, ameshakunywa chai. Nikiomba niongee naye, nasikia akiulizwa, kisha naambiwa amelala.

Chai yangu imetulia. Dakika nne, maji ya mvua, rangi ileile kila alasiri, na hakuna wa kuiharibu. Vile vipakiti viwili bado vipo. Sijavinywa. Vimeingiwa na unyevu, na hata vingekuwa vizima, ni chai mbaya.