Vifaranga Vilivyoshonwa Matumbo

Kila Pasaka nafuma vifaranga arobaini vya uzi kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Chini naviacha wazi kama mfuko, ili asubuhi ya sikukuu nitie yai la chokoleti. Nikitia mapema, joto litaliyeyusha.

Jana nilitoka kwenda kununua hayo mayai. Narudi, namkuta wifi yangu kakalia kiti changu, sindano mkononi, kashona matumbo yote. Arobaini! Hamna kitu ndani!

"Nimekumalizia, wifi," akasema, anatabasamu. "Ulisahau kuyaziba matundu."

Damu ikanichemka. "Nisahau? Miaka ishirini nafuma, leo nisahau tumbo? Nani kakutuma? Kiherehere tu!"

Nikanyakua mkasi nifumue cha kwanza. Natafuta fundo, silioni. Nikavaa miwani, nikakigeuza huku na huku, wapi! Uzi umefichwa hata ukucha haupati pa kushika.

"Na huku kuficha fundo," nikafoka, "nani kakufundisha?"

Akainamisha kichwa.

"Wewe, wifi. Ulikuwa unanichapa vidole mpaka nikaweza."