Ng'ombe Walioshuka Bila Mataji

Wifi yangu Notburga hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Nilipoolewa na kaka yake, neno la kwanza aliloniambia ni kwamba mikono yangu ni laini kama siagi iliyosahauliwa juani. Nilimnunia mwaka mzima. Lakini katika milima yetu yote ya Tirol sijaona mwenye moyo kama wake, na nitalisema hilo hata mbele ya wasiompenda.

Kila kiangazi alipanda mlimani na ng'ombe wa kijiji kizima, akawakamua na kutengeneza jibini hadi Septemba. Wake mwenyewe alikuwa mmoja tu, mtamba aitwaye Zirbe, mdogo wa umbo, manyoya yamemsimama. Alimlea kwa chupa tangu mama yake alipomkataa, na Zirbe alimfuata hadi mlango wa jikoni.

Mwaka ule, ng'ombe waliokwisha kushika mimba walianza kurudi kwenye joto, kutaka dume tena, mmoja leo, mwingine kesho. Hapakuwa na damu wala ndama aliyetupwa. Notburga hakupenda alichokiona. Akamwita daktari wa mifugo, naye akachukua damu ya kundi zima.

Majibu yalikuja ikikaribia sikukuu ya kushuka, siku ng'ombe wanaporudishwa bondeni wamevikwa maua vichwani. Nilikuwa palepale mlimani, nimekaa katikati ya matawi ya msonobari na maua ya karatasi, nafunga mataji ya ng'ombe.

"Ni virusi," alisema daktari. "Vinapita pua kwa pua. Ng'ombe mwenye mimba changa akivipata, mimba inapotea kimyakimya, wala huoni kitu. Na mmoja hapa alizaliwa navyo. Atavimwaga mpaka afe."

"Yupi?"

Daktari akatazama mlangoni. Zirbe alikuwa amesimama pale, anasubiri chumvi yake.

Notburga alilia mbele yetu bila kujifunika uso. Kisha akaosha macho, akaenda kukamua, maana ng'ombe hawangoji mtu amalize kulia.

Jioni ile akatuma habari kijijini kwamba mwaka huu ng'ombe watashuka bila mataji. Kesho yake akapanda Serafin, mwenyekiti wa wenye ng'ombe, na uso wa asali.

"Notburga, mtu hushuka bila mataji akifiwa na ng'ombe. Wewe umefiwa na nani? Mpeleke huyo wako kichinjioni kimyakimya, sisi tushuke na maua yetu."

"Halafu bonde zima lichanganye ng'ombe kwenye uwanja wa sikukuu, wanusane? Huenda hawa wengine bado wana virusi hivyo."

"Nani atajua?"

"Mficha uchi hazai, mzee Serafin. Na ng'ombe wako naye mwaka huu hazai."

"Watasema ugonjwa umeuleta wewe!"

"Si kweli?"

Mimi nikaona hasira zangu nazo zina haki ya kusemwa. "Na mataji yangu je, wifi? Tazama vidole vilivyochubuka!"

"Vaa wewe," akanijibu. "Shingo unayo."

Zirbe alichukuliwa na gari la kichinjio asubuhi ya mapema. Notburga alimpandisha mwenyewe, akampa chumvi kiganjani, akasimama pale hadi gari lilipopotea kwenye kona.

Tuliposhuka, watu walikuwa wamejipanga barabarani na bia zao, tarumbeta zinalia. Walipoona vichwa vya ng'ombe vitupu, tarumbeta zikakatika. Wanaume wakavua kofia. Bibi mmoja kwenye ua wake akauliza kwa sauti ya msibani, "Pole, mwanangu. Nani amekufa?"

"Ndama, mama," alisema Notburga. "Wengi. Hata sura zao sikuziona. Ng'ombe wetu wana ugonjwa, na umetoka kwa mtamba wangu. Msiwatoe wenu. Fungeni malango."

Mtu mmoja alitema mate karibu na viatu vyake. Notburga alipita, akarudia maneno yaleyale kwa nyumba iliyofuata, na iliyofuata. Nyuma yetu na mbele yetu nikasikia malango yakifungwa, hadi kule mwisho wa bonde. Kwa kila lango lililofungwa, Notburga aliitikia kwa kichwa, kama anayeshukuru.

Nilikwenda nikamshika mkono. Safari hii hakusema lolote kuhusu siagi.