Nyanya, Radi na Kompyuta ya Kisogo

Siku zile zetu kompyuta haikuwashwa hivi hivi, iliombewa kwanza. Wewe uliyekulia na ile skrini yenye kisogo kikubwa, iliyojaza meza ikabakiza nafasi ya kikombe tu, unajua ninachosema. Unabonyeza, unasubiri, feni inaanza kunguruma kama kinu cha posho, na moyo unatulia. Ikilia mara tatu bila kuonyesha kitu, hakuna aliyeita fundi. Ulifungua sanduku, ukachomoa kile kijiti cha kumbukumbu, ramu, ukakisugua meno kwa kifutio cha penseli, ukakirudisha na kujaribu tena. Vijana wa sasa, simu ikikwama kidogo tu wanasonya na kudai mpya. Sisi tulisugua mpaka ikawaka.

Mimi nililelewa na nyanya yangu, mama mzaa baba, karibu na soko la Ekerenyo. Tulimwita Magokoro, kama Wakisii wanavyomwita nyanya. Baba alikuwa akipakua mizigo katika duka la Mhindi mmoja mjini Kisii, na mwenye duka alipobadilisha kompyuta zake, alimpa baba mbili zilizokufa. Nilikuwa kidato cha pili, msichana wa shule ya kutwa, mkaidi, mwenye vidole visivyotulia. Nilizifungua zote mbili nikaunda moja. Kifuniko cha sanduku kiligoma kukaa, kwa hiyo liliishi wazi, nami nililisafisha kwa mswaki mzee kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia. Mende walipenda joto lake. Paka naye alilala juu ya kisogo cha skrini, mkia ukining'inia mbele ya mchezo wangu wa mpira. Mabao mengi nilifunga mkono mmoja ukiusukuma ule mkia.

Magokoro hakuwa na shida na kompyuta. Shida yake ilikuwa radi. Kwetu mvua ina saa yake: asubuhi jua, alasiri mbingu zinapasuka, na radi imewahi kuua ng'ombe na watu tuliowajua kwa majina. Naye aliamini radi hufuata kinachong'aa. Basi ngurumo ya kwanza ikisikika, alifunika kioo cha ukutani kwa leso, akaingiza sufuria zinazong'aa, akatufukuza mlangoni. Na skrini yangu, kwake, ilikuwa kioo kikubwa kuliko vyote. Aliingia bila hodi, akachomoa waya ukutani, akaitupia leso.

Nilipofika kidato cha nne tulipewa mradi wa somo la kompyuta, kazi ya miezi mingi inayohesabiwa kwenye mtihani wa mwisho. Mashine za shule zilikuwa chache, zamu yako nusu saa, kwa hiyo mradi wangu niliufanyia nyumbani. Alasiri moja nilikuwa nimeandika kwa saa tatu bila kuseivu, maana mashine ile ukiiambia ihifadhi kazi ilikwama dakika nzima, nami nilikuwa mvivu wa kungoja. Ikapiga ngurumo moja. Magokoro akaingia, akachomoa. Kazi yote ikaenda.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia maneno ambayo hata leo yananichoma: "Wewe hujui chochote! Hata dawati hujawahi kulikalia!"

Mvua yenyewe haikunyesha siku hiyo. Magokoro alikunja leso yake taratibu, akasema, "Ni kweli, sikulikalia," akaenda jikoni kuchambua mboga za chinsaga. Jioni alinipakulia wa kwanza, kama kawaida. Sikuomba msamaha. Nilikula tu.

Kesho yake yeye ndiye aliyenijia. Akauliza kazi hiyo huokolewaje. Nikamwonyesha kibonye, nikamwambia huko kuokoa kazi kunaitwa kuseivu. Tangu siku hiyo alichuma majani chai, kikapu mgongoni, jicho kwenye kilima cha ng'ambo. Kilima kikivaa kofia ya wingu, hata kabla ya ngurumo, sauti yake iliteremka kutoka shambani: "Seivuuu!" Nami naseivu, nazima, nachomoa mwenyewe. Majirani walizoea. Kulikuwa na mama mmoja ng'ambo ya ua aliyekuwa akisikia "Seivu" anakimbia kuanua nguo.

Siku moja kabla ya kupeleka mradi shuleni, Magokoro alienda sokoni kuuza ndizi. Kazi yangu ilibaki kidogo sana. Nikasema wacha nicheze mechi moja tu. Ya kwanza ikazaa ya pili, ya pili ikazaa fainali, na mradi umekaa wazi nyuma ya mchezo, haujaseiviwa tangu asubuhi. Pazia nimelifunga jua lisipige skrini, feni inanguruma, habari za kilima sina.

Mara nikasikia pikipiki uani. Lo! Magokoro, aliyeziita pikipiki majeneza ya magurudumu na kuapa hatazipanda, alikuwa anashuka na mikungu miwili ya ndizi ambayo hakuiuza, kitambaa kimemtoka kichwani, akipaza sauti: "Seivu! Seivu, mtoto wangu!" Nilifunga mchezo, nikabonyeza. Ile dakika ilikuwa ndefu, jamani. Ikaisha, nikachomoa. Hatujavuta pumzi vizuri, radi ikapiga nguzo ya stima barabarani. Televisheni za majirani wawili hazikuwaka tena. Mradi wangu ulifika shuleni, nikafaulu, na kazi ya kompyuta ninayofanya leo mjini Kisii ilianzia kwenye alama zile.

Magokoro alisimulia kisa hicho sokoni na kanisani miaka yote iliyobaki. "Nilimkuta amejifungia, anasoma, hata wingu halioni!" Watu wananigeukia kwa heshima, nami natazama chini. Mara nyingi nilitaka kumwambia: Magokoro, nilikuwa nacheza mpira. Na lile neno la dawati, nisamehe. Nilingoja siku nzuri ya kulisema. Tulimzika kando ya migomba yake bila siku hiyo kufika.

Sasa laptopu yangu inaseivu yenyewe, hainiulizi. Mwanangu ana miaka tisa, anacheza michezo yenye picha safi ajabu, na hajawahi kupoteza hata bao moja kwa sababu ya stima. Nashukuru, kwa kweli. Lakini alasiri mawingu yakijikusanya, vidole vyangu husimama juu ya vibonye, nangoja sauti kutoka kwenye majani chai.

Wiki iliyopita radi ilinguruma. Nilijikuta nimechukua leso yake kuukuu, nikafunika skrini mtoto akiwa katikati ya mchezo. Akaruka. "Mama, radi haifuati vioo! Wewe hujui chochote!"

Nilikunja leso taratibu. "Ni kweli," nikamwambia, nikaenda jikoni kumpakulia.