Besi ya Gikondo

Niliamka asubuhi nikiwa na sauti ya mtu mwingine.

Sitanii. Nilifungua mdomo kumsalimia jirani, likatoka dude zito, mwenyewe nikageuka nyuma kuangalia nani kaongea.

Ilikuwa 1991, Kigali, mtaa wa Gikondo. Naitwa Twagirayezu. Kazi yangu cherehani, Jumapili naimba kwaya.

Sauti yangu ya kuzaliwa ilikuwa nyembamba mno. Mwalimu wetu wa kwaya, mzee Gakwaya, alinipanga na akina mama.

Humo alikuwemo binti mmoja, Mukashema. Mrembo hatari! Lakini utamtongozaje msichana mnayeimba naye soprano?

Basi siku hiyo nikaingia mazoezini, nikaunguruma mara moja tu. Mzee Gakwaya akadondosha kitabu cha nyimbo.

"Yesu we! Twagira, hiyo umeitoa wapi?"

"Ni neema tu, mwalimu."

"Nenda kwa mabesi. Kimbia!"

Jumapili nikapewa wimbo niimbe peke yangu. Nilipoanza tu, mama mmoja akapiga magoti. Mwingine akafuata. Mukashema akawa anafuta machozi.

Moyoni nikasema, nimeua!

Ni kweli kifua kiliniwasha, na nilikuwa nakohoa makohozi meusi. Nikajiambia ndivyo vipaji vinavyokuja.

Nikapata kazi ya kushona mapazia kwenye nyumba moja kubwa mtaa wa Kiyovu. Nikakaa huko wiki nzima. Miti kila upande, hewa safi, nalala kama mtoto.

Narudi Gikondo, nawasalimia majirani "Mwaramutse", inatoka filimbi.

Nilichanganyikiwa. Jumapili nilikuwa niimbe tena! Nikawaza, Gikondo kuna nini ambacho Kiyovu hakipo?

Nikachungulia dirishani. Chini yangu ni gereji ya Silvère. Malori yanaunguruma, matairi machakavu yanawaka, na moshi wote unapanda kuja chumbani kwangu.

Nikashuka mbio.

"Silvère, ndugu yangu, choma tairi."

"Eh! Watu wote wanakuja kunigombeza nisichome."

"Mimi si watu wote. Ongeza na lile pale."

Akachoma. Nikainama juu ya ule moshi, nikavuta kama mtu anayejifukiza mafua.

"Yewe Twagira, wewe ni mzima kweli?"

Nikataka kumjibu kwa besi. Dunia ikazima.

Nilizindukia dispensari. Muuguzi alikuwa ameniinamia, amekasirika kuliko mama yangu.

"Nani kakudanganya hiyo ni besi? Ni koo limevimba! Moshi wa tairi ni sumu. Unachoma koo, unashuka mpaka kwenye mapafu. Ungeendelea, hata kupumua kungekushinda."

Kando ya kitanda amekaa Mukashema. Nikaona bora amuage mwanamuziki wake mapema.

"Mukashema, nisamehe. Ile besi iliyokuliza hutaisikia tena."

Akanikodolea macho.

"Besi gani? Sisi tulijua una kifua kikuu! Wale mama walipiga magoti kuomba usife ukiwa madhabahuni."

"Na wewe ulilia nini?"

"Nililia kwa sababu beti zilikuwa bado nyingi."

Muuguzi akatoka nje. Nilimsikia akicheka mpaka anapiga ukuta.

Lakini alikuja kanisani kwetu baadaye, akazungumza habari za moshi mpaka watu wakaguna. Silvère alikuwa kiti cha mbele, kichwa chini. Tangu hapo matairi yake mabovu anawapa mafundi wa kandambili.

Jamani, moshi hauachi kukuumiza kwa sababu tu pua imeuzoea. Mtu akichoma takataka chini ya dirisha lako, mgombeze bila aibu. Mimi wangu nilimwambia aongeze.

Na siku watu wakianza kukusifia kwamba sauti imekuwa nzito ghafla, usiseme asante.

Nenda dispensari.